Daftari la Madaktari na Watoto Wetu Waliosoma Ng'ambo

Katika mkutano wetu mkuu, baada ya Mweka Hazina kusoma hesabu za mwaka na wanachama kuzikubali, mzee mmoja aliinuka, akaegemea fimbo yake, akauliza swali ambalo halikuwamo katika ajenda. Alisema: "Chama hiki kilichanga fedha, tukampeleka binti yetu ng'ambo akasome udaktari. Amesoma miaka sita. Amerudi na shahada yenye muhuri mwekundu, tumeiona kwa macho yetu, tukamchinjia mbuzi. Sasa anaambiwa ya kwamba yeye si daktari. Je, shahada ile ni ya uongo, ama Serikali ndiyo inayotudhulumu?" Mwenyekiti alimjibu kwa maneno machache, kwani jua lilikuwa limekwisha kushuka, akaahidi ya kwamba Halmashauri italitafuta jibu na kulichapisha katika taarifa hii. Kurasa hizi ndizo utimizo wa ahadi ile.

Jibu fupi ni kwamba shahada ile si ya uongo, wala Serikali haikumdhulumu binti yetu. Lakini jibu fupi halimtoshi mzee aliyeuza ng'ombe ili atoe mchango wake, nasi twaona ni haki yake aelezwe jambo hili tangu shina lake. Kusoma udaktari ni jambo moja, na kuruhusiwa kutibu watu ni jambo jingine. La kwanza hutolewa na chuo. La pili hutolewa na dola, nalo huandikwa katika daftari. Historia ya daftari hilo katika nchi yetu ni ndefu kuliko wengi wetu tujuavyo, na sehemu yake kubwa si ya kujivunia.

Daftari lenyewe halikuanzia hapa. Mwaka 1858 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyounda Baraza Kuu la Matabibu na kuagiza majina ya matabibu wote wenye vyeti halali yaandikwe katika kitabu kimoja. Kabla ya hapo vilikuwako vyuo na vyama vingi vilivyotoa vyeti, kila kimoja kwa kanuni zake, na mgonjwa wa kawaida hakuwa na njia ya kumtofautisha tabibu aliyefundishwa na mtu aliyenunua koti jeusi na mkoba. Sheria ile haikumkataza mtu yeyote kutibu. Ilichofanya ni kusema ni nani awezaye kujiita tabibu aliyesajiliwa, kisha ikamwachia mgonjwa achague.

Mwaka 1886 ikaja sheria nyingine, na hii ndiyo inayotugusa. Iliruhusu matabibu waliosoma katika makoloni na katika nchi za kigeni wasajiliwe Uingereza, kwa sharti la kwamba nchi walikotoka nazo ziwakubali matabibu wa Kiingereza. Twawaomba wasomaji wetu walishike sharti hilo, maana litarudi. Halikuuliza tu kama mtu ajua kutibu. Liliuliza pia kama nchi yake ina kitu cha kubadilishana. Nchi isiyo na chuo cha tiba haikuwa nacho.

Katika nchi yetu, ambayo wakati huo iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki, sheria ya matabibu na matabibu wa meno ilitungwa mwaka 1910. Wazee wa sehemu hizi za Kajiado wataukumbuka wakati huo kwa masimulizi ya baba zao, lakini si kwa sababu ya sheria ya matabibu. Mkataba wa 1904 ulikuwa umekwisha kuwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa, na mwaka 1911 mkataba wa pili uliwatoa wale wa Laikipia na kuwasukuma waje huku kusini. Watu waliokuwa njiani na mifugo yao hawakuulizwa neno juu ya nani ataitwa daktari na nani hataitwa.

Sheria ile iliwagawa watu wanaotibu katika mafungu. Wenye vyeti vilivyotambuliwa Uingereza walisajiliwa, wakawa madaktari kamili. Walio na vyeti vya chini yake, hasa Wahindi waliosoma katika shule za tiba za Bara Hindi, ambao wenzao walikuwa wamewahudumia wajenzi wa reli tangu mwaka 1896, waliweza kupewa leseni tu, si usajili. Nao waganga wa kienyeji waliachwa waendelee kuwatibu watu wa jamii zao kwa desturi zao, maadamu hawahatarishi maisha ya mtu. Hivyo mzee wa Kimaasai aliyejua kuchemsha magome ya olkiloriti katika supu ya mgonjwa hakuvunja sheria. Lakini pia hakuhesabiwa. Alikuwa nje ya kitabu, na mtu aliye nje ya kitabu hana la kudai.

Tusidhani ya kwamba mambo haya yaliwapata Waafrika peke yao. Mwaka 1930 Baraza la Uingereza liliacha kuzitambua shahada za tiba za vyuo vikuu vya Bara Hindi, hata madaktari waliokuwa wamesoma sawasawa wakajikuta vyeti vyao vimepungukiwa na heshima bila wao kusahau hata dawa moja. Wahindi hawakukaa kimya. Mwaka 1933 wakapata sheria yao na baraza lao wenyewe la tiba, na kufikia mwaka 1936 kutambuliwa kukarudi. Somo la jambo lile lilionekana wazi hata huku: cheti ni chombo cha kusafiria, na anayelinda mlango aweza kubadili masharti wakati abiria yumo njiani.

Sasa twafika Makerere, na hapa twaomba ruhusa ya kukaa kidogo.

Mafunzo ya utabibu kwa Waafrika wa nchi hizi yalianzia Mulago, Kampala, katika miaka ya 1920, yakafungamana na chuo cha Makerere kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1922. Kenya haikuwa na shule yake ya tiba. Kijana wa Kenya aliyetaka kuwa daktari, awe ametoka Maseno, Kikuyu au Ukambani, alipanda gari la moshi mpaka Uganda. Alisoma miaka mingi, akafundishwa na walimu waliokuwa madaktari kamili, akawatibu wagonjwa walewale na kupasua matumbo yaleyale. Kisha akarudi Kenya akapewa cheo cha Msaidizi wa Mganga, tena mbele ya neno hilo likatiwa neno "Mwafrika" ili pasiwe na shaka. Hakusajiliwa. Alipewa leseni, na leseni ile ilimfunga katika kazi ya Serikali. Hakuweza kufungua nyumba yake ya matibabu na kuandika jina lake mlangoni.

Zingatieni maana yake. Katika hospitali moja ya wilaya mtu huyu aliweza kuachiwa wodi nzima usiku kucha, azalishe, akate, ashone, na asubuhi atie sahihi chini ya jina la mkubwa wake. Ujuzi wake ulitosha kwa mgonjwa aliyelala chini ya blanketi la Serikali, bali haukutosha kwa daftari. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mafunzo ya Makerere bado hayajafikia kipimo cha Uingereza. Hatuwezi kusema sababu hiyo haikuwa na ukweli wowote katika miaka ya mwanzo; chuo kilikuwa kichanga na walimu wachache. Lakini kadiri miaka ilivyopita na mafunzo yalivyokua, sababu ilibaki palepale, nasi twaona ya kwamba kufikia mwisho wake ilikuwa imegeuka kuwa kisingizio. Ni mwishoni mwa miaka ya 1950 tu ndipo Baraza la Uingereza lilipoitambua stashahada ya Makerere. Mara mtu yuleyule, mwenye mikono ileile, akawa daktari.

Miongoni mwa waliopita njia ile alikuwamo Dakt. Jason Likimani, Mmaasai, ambaye baada ya Uhuru alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika kazi ya Mkurugenzi wa Huduma za Tiba wa Kenya. Twamtaja si kwa kujigamba tu kwa kuwa watu wa Kajiado, bali kwa sababu kazi aliyoishika ndiyo iliyowahi kuwaamulia wenzake nani wa leseni na nani wa kusajiliwa.

Kijana aliyetaka kuikwepa njia ya Makerere alikuwa na njia nyingine, yaani kwenda ng'ambo. Lakini ng'ambo nayo ilikuwa na ngazi zake. Kisa kinachotufundisha zaidi ni cha jirani yetu wa kusini, Dakt. Hastings Kamuzu Banda wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Mtu huyu alitoka kwao akiwa kijana, akafanya kazi Afrika ya Kusini, akavuka bahari mpaka Marekani, na mwaka 1937 akapata shahada ya udaktari katika chuo cha Meharry mjini Nashville, jimbo la Tennessee. Alitaka kurudi kuwatibu watu wake. Lakini Nyasaland ilikuwa chini ya Waingereza, na shahada ya Marekani haikuwa na nguvu katika nchi za Waingereza. Basi daktari huyu, aliyekuwa karibu na miaka arobaini, alikwenda Edinburgh huko Scotland, akaketi tena darasani pamoja na vijana, akafanya mitihani ya Kiingereza, akaipata leseni yao mwaka 1941. Baada ya hayo alifanya kazi miaka mingi Uingereza, na alipokuja kurudi kwao mwaka 1958 alirudi kuongoza siasa. Tabibu aliyekusudiwa Nyasaland aliwatibu watu wa Liverpool na London. Hatuna njia ya kuwahesabu wagonjwa wa kijijini kwake waliomkosa.

Tuongeze hapa neno moja la pembeni. Jimbo lilelile la Tennessee lilitunga sheria mwaka 2023 ya kuwarahisishia leseni madaktari waliosoma nchi nyingine, wasilazimike kurudia upya miaka yote ya mazoezi ya hospitali za Marekani. Sababu si upendo tu. Ni upungufu wa madaktari. Huko kila jimbo lina bodi yake na daftari lake, na daktari aliyesajiliwa jimbo moja hana haki ya kutibu katika jimbo la pili bila idhini. Mlango wa daftari hufunguka pale wenye nyumba wanapoona njaa.

Kuelekea Uhuru mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyoandaliwa kwa juhudi za Bw. Tom Mboya iliwachukua vijana 81 kwenda Marekani, na wengine wengi wakafuata. Bw. Oginga Odinga naye aliwafungulia vijana njia ya Mashariki: Urusi ya Kisovieti, Ujerumani ya Mashariki, Chekoslovakia, Bulgaria na kwingineko. Chuo cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow mwaka 1960, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Kijana aliyekwenda huko alianza kwa kujifunza Kirusi, kisha ndipo alipoanza kusoma mwili wa mtu, mifupa na mishipa, kwa lugha ambayo mwaka uliotangulia hakuijua hata salamu yake.

Waliporudi, nchi ilikuwa na bendera mpya lakini daftari lilikuwa bado lina mistari ya zamani. Aliyesoma London au Edinburgh alipita. Aliyesoma Moscow au Prague alitazamwa kwa jicho la pembeni, na hapo siasa ilichanganyika na utabibu kiasi kwamba haikuwa rahisi kujua kipi kinapimwa, mkono wa daktari au mawazo yake. Ilikuwa zama ya ugomvi wa mataifa makubwa, na vijana wetu walibeba mizigo isiyo yao. Hata hivyo tusiache kutaja jambo moja. Waziri wa kwanza wa Afya katika Kenya huru, Dakt. Njoroge Mungai, alikuwa amesoma Fort Hare huko Afrika ya Kusini na kisha Stanford huko Marekani. Yaani aliyekabidhiwa wizara ile alikuwa na shahada ya namna ileile iliyomrudisha Dakt. Banda darasani. Na kwa kweli, kabla ya Chuo Kikuu cha Nairobi kufungua shule yake ya tiba mwaka 1967, kila daktari Mkenya aliyekuwamo katika daftari alikuwa amesoma nje ya Kenya, hata kama ni Kampala tu. Wale wa kwanza waliosomeshwa hapahapa hawakuhitimu mpaka mwaka 1972. Anayemdharau daktari wa ng'ambo kwa kuwa ni wa ng'ambo anawadharau waliomzalisha mama yake.

Sheria inayotumika sasa ilitungwa mwaka 1977, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1978. Iliunda Bodi ya Madaktari na Madaktari wa Meno, ambayo ndiyo iliyokabidhiwa daftari, na mwaka 2019 Bunge likaigeuza jina na muundo, ikawa Baraza. Mpaka leo Baraza hilo ndilo lenye kuamua. Si la kuwaamulia maafisa wa kliniki wala wauguzi, ambao wana mabaraza yao, na ambao, tukisema kweli, ndio wanaotutibu wengi wetu siku kwa siku.

Njia ya kijana aliyesoma ng'ambo ni hii. Kwanza shahada yake hutazamwa: chuo chake chatambuliwa katika nchi yake, na je, kweli alisoma hapo. Kisha, kama alisoma nje ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, hufanya mtihani kabla ya kuruhusiwa kuanza mazoezi ya kazi. Anaulizwa juu ya tiba ya ndani, upasuaji, magonjwa ya watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake. Akifaulu, hupelekwa hospitali iliyokubaliwa, akafanya kazi mwaka mmoja chini ya macho ya madaktari wakubwa. Mwaka huo ukiisha vema, ndipo jina lake liandikwapo daftarini. Baada ya hapo hupata leseni ya kufanya kazi, nayo hulazimika kuihuisha kila mwaka.

Aliyesoma Kampala, Dar es Salaam au Kigali, katika chuo kilichokaguliwa na mabaraza ya nchi hizi kwa pamoja, hupita njia nyepesi zaidi, kwani mabaraza hayo yamekubaliana kutambuana. Ndilo lile sharti la mwaka 1886, ila safari hii tunacho cha kubadilishana.

Sasa turudi kwa binti yetu. Alipelekwa na wakala mmoja mwenye ofisi ya vioo mjini, ambaye hatutamtaja, aliyewaambia wazazi ya kwamba karatasi ya chuo kile yakubaliwa dunia nzima. Hakuwaambia habari za mtihani. Hakuwaambia ya kwamba katika nchi ile ya Ulaya ya Mashariki masomo yangekuwa kwa Kiingereza darasani, lakini wagonjwa wa wodini wangesema lugha yao, hata mwanafunzi wa kigeni angesimama nyuma ya wenzake akitazama migongo yao. Binti alirudi akijua vitabu. Malaria alikuwa amemsoma, hajamwona. Mtoto mwenye kuhara hata macho yakazama alikuwa amemwona katika picha. Alifanya mtihani akashindwa, na ndipo maneno yalipoanza huko sokoni, ya kwamba shahada ilinunuliwa. Mama yake aliacha kuja mikutanoni kwa muda wa miezi mitatu.

Twalitaja hili kwa ruhusa ya familia, na kwa sababu tuna la kusema upande wa pili.

Kware yetu, kama jina linavyotumika huku, ni mahali pa kuchimba mawe. Kamusi itakuambia ya kwamba kware ni ndege, naye ni ndege mzuri, lakini hapa hatuli ndege, twala mawe. Mawe yetu yamejenga nyumba nyingi za Kitengela, mji ambao katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ulikuwa na watu 154,436. Na mahali pa mawe ni mahali pa vidole kusagwa. Mwanachama mwenzetu mmoja alisagwa mkono na jiwe, akakimbizwa katika chumba kimoja karibu na soko, ambako mtu mwenye koti jeupe na kipimo cha moyo shingoni alimshona kidonda bila kukisafisha, akampa vidonge, akapokea fedha. Wiki ya pili mkono ulikuwa umevimba na kunuka. Hospitalini aliokolewa mkono, akapoteza vidole viwili. Yule mwenye koti jeupe alipotafutwa alikuwa amehama, na jina alilolitumia halikuonekana katika daftari lolote, la madaktari wala la maafisa wa kliniki. Hakuwa na shahada ya ng'ambo, hakuwa na ya nyumbani. Alikuwa na koti.

Mzee aliyeuliza swali mkutanoni ni baba mkubwa wa mtu huyu aliyepoteza vidole. Halmashauri ilipokwenda kumweleza habari hizi nyumbani kwake, alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Basi mlango uliomzuia binti ndio mlango ambao yule mwizi hakuupita." Tulimwambia ndivyo.

Hata hivyo hatutaki ionekane ya kwamba twasema yote ni mema. Mwaka 2018 Serikali iliwaleta madaktari mia moja kutoka Cuba kwa mapatano ya nchi na nchi, wakagawanywa katika kaunti, huku madaktari wetu wenyewe wakiwa mitaani bila kazi, na chama chao cha wafanyakazi kikalalamika kwa sauti kubwa. Mapatano yale yalikoma mwaka 2023. Hatukuwa na chuki na Wakuba. Walikuja kufanya kazi, na wawili wao walitekwa nyara Mandera mwaka 2019. Lakini tuliona tena jambo la kale: masharti huwa mepesi pale nchi mbili zinapopeana mikono juu, na huwa mazito kwa mtoto wa mchimba mawe asiye na balozi. Na mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na jambo moja kubwa katika ugomvi ule lilikuwa ni hao wa mazoezi ya mwaka mmoja, ambao walikuwa wamefaulu kila kitu na bado wakangojea kupangiwa hospitali kwa sababu ya fedha. Mtihani waweza kusomewa. Bajeti ya Serikali haisomewi na mtoto yeyote. Twaona ya kwamba dola ikimlazimisha kijana kupita katika hospitali yake kabla ya kuandikwa, basi yawiwa kumwekea nafasi katika hospitali hiyo.

Kuhusu michango, Halmashauri imekubaliana na wanachama wanapaswa kujua. Tangu mwaka huu Chama hakitatoa mchango wa karo ya udaktari ng'ambo mpaka mzazi alete jibu la maandishi kutoka kwa Baraza juu ya chuo anachokusudia, wala barua ya wakala haitapokelewa mahali pake. Mzazi atoe pia makisio ya fedha za miezi ya kungojea baada ya kurudi, kwani katika hesabu zetu za zamani tuliandika nauli ya kwenda, karo na nauli ya kurudi, tukafunga kitabu. Binti yetu alikaa nyumbani miezi kumi na minne akisoma kwa mtihani, na hakuna aliyekuwa ameiwekea miezi hiyo hata shilingi moja. Ni wachuuzi wawili wa Kware, wanawake, waliomlipia nauli ya kwenda kujitolea katika hospitali siku za wiki, ili azoee kusimama mbele ya kitanda badala ya nyuma ya mgongo wa mtu. Majina yao hawakutaka yaandikwe.

Mara ya pili alifaulu. Wakati wa kuandika taarifa hii amebakiza wiki chache za mwaka wake wa mazoezi, katika hospitali ya kaunti nyingine, na jina lake halijaandikwa bado katika daftari la waliosajiliwa. Mama yake amerudi mikutanoni. Wazazi walipotaka kuandaa karamu siku za sikukuu, mzee mwenye fimbo alikataa. Amesema mbuzi wa kwanza alichinjwa mapema. Wa pili yuko zizini, na atachinjwa siku mjukuu wake atakapofungua daftari hilo kwenye simu yake na kumsomea jina la binti pamoja na nambari yake, kwa sauti, mbele ya watu.